Robo Kilo ya Maini

Tabibu Shitanda alilivuta chini kope la Otiende kwa kidole gumba, akalitazama jicho kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akahamia la pili. Walikuwa wanafahamiana mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila baada ya miezi sita Otiende alifika kwenye kliniki hiyo ndogo mtaani Ziwani, akapimwa kama anavyotakiwa kupimwa kila mwuza nyama, cheti chake cha afya kikapigwa muhuri, akarudi soko la Burma kwenye bucha yake kabla ya chai ya saa nne. Shitanda hakuwa na tabia ya kutazama macho ya watu. Kwa kawaida mkono wake ulikuwa tayari kwenye muhuri huku mdomo ukiagiza maini ya Jumamosi.

"Mzee, mkojo wako una rangi gani siku hizi?"

"Umekolea kidogo. Nilidhani ni jua."

"Jua gani, na hii baridi ya Julai?"

Otiende alicheka, lakini alicheka peke yake. Shitanda alimlaza kitandani, akampapasa chini ya mbavu za kulia, kisha akashuka miguuni na kumbonyeza juu ya kifundo. Alipoondoa kidole, palibaki shimo dogo ambalo halikutaka kujaa. Otiende aliinua kichwa akalitazama lile shimo. Alilijua. Alikuwa ameliona mara nyingi, ila hakuwahi kuliona kwenye mguu wa mtu.

"Unatumia kitu?" Shitanda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe unanijua."

"Nakujua, ndiyo. Lakini kazi yangu ni kuuliza."

"Pombe sijawahi kuionja. Tangu nizaliwe."

Shitanda alirudisha muhuri kwenye droo, akaifunga. Alimwambia cheti hakitatoka leo, aende hospitali kubwa akapigwe picha ya ini, na mpaka hapo asisimame nyuma ya kaunta. Aliyasema hayo akiangalia ile droo. Otiende alivaa viatu, na kamba za kiatu cha kushoto hazikufika mahali zilipokuwa zikifika zamani.

Burma nzima ilimjua kwa maini. Mtu akitaka mbavu au mguu, angekwenda popote, lakini maini yalikuwa ya Otiende. Mbuzi wakifika asubuhi, aliyapanga mezani, akayabonyeza moja moja. Ini zima ni jekundu la kuiva, na ukilibonyeza linarudi. Ini lenye mafuta lina rangi ya udongo uliofifia, kisu kinatoka kimeng'aa, na shimo la kidole linabaki. La namna hiyo hakuliuza. Alilitupia kwenye ndoo ya mbwa bila hata kulipima. Na jambo lililowashangaza wanunuzi, ambalo yeye alipenda kulieleza akiwa ameshika kiuno, ni kwamba mara nyingine ini bovu kuliko yote lilitoka kwa mbuzi aliyekonda, mbuzi wa mifupa mitupu ambaye ungeapa hana mafuta hata ya kuwashia taa.

Alieleza hivyo miaka ishirini na sita bila kujitazama. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Kwao wote walikuwa hivyo, na walijivunia. Watu wa kwa Owuor hawanenepi, marehemu baba yao alikuwa akisema hivyo akijipiga tumbo lililolala bapa. Matumbo yalikuwa ya jirani.

*

Habari ilifika nyumbani kabla hajaisema mwenyewe. Kinyanjui wa bucha ya pili alikuwa amemwona akikaa nyuma ya pazia badala ya kaunta, akaliona na jicho lilivyogeuka manjano. Kinyanjui akamwambia mkewe, mke wa Kinyanjui akanunua mboga alikonunua Aloo, mke wa Otiende. Siku ya tatu, wazee wawili wa kanisa waliketi sebuleni kwa Otiende wakisubiri chai. Otiende naye alikuwa mzee wa kanisa hilo, tena ndiye aliyesimamia meza ya Bwana. Kanisa lao halina mzaha na pombe. Hata divai ya meza ni maji ya zabibu yaliyochemshwa.

"Ndugu Otiende, hatukuja kuhukumu," alisema Kiarie, aliyekuwa mkubwa wa wale wawili. "Tumekuja kukuona. Macho yako yamebadilika."

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Ini."

Kiarie aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo tangu nyumbani. Aloo aliingia na chupa ya chai, akamimina vikombe vitatu, akaweka sukari vijiko vinne kwenye cha mumewe kama siku zote. Hakumtazama. Otiende alijua kwamba jana yake alikuwa amepekua makoti yote kabatini, akanusa na chupa ya dawa ya kikohozi. Aliyakuta makoti yamerudishwa vibaya. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, na mkewe alikuwa ananusa chupa. Jambo hilo lilimuuma kuliko ule uvimbe.

"Marehemu ndugu yako pia ilikuwa ini," alisema Kiarie.

"Willis alikuwa akinywa. Mimi sinywi. Kwenye harusi za watu nashika soda mpaka naitwa Baba Soda."

"Wengine hunywa wakiwa peke yao."

"Basi mniambie anaificha wapi," Aloo alisema, akiwa bado amesimama na ile chupa. "Maana mimi nimetafuta."

Alisema hivyo kumtetea, au labda kumshtaki. Hata mwenyewe asingeweza kukuambia. Wazee walikunywa chai yao. Kabla ya kuaga walisema kwa upole kwamba itakuwa vizuri apumzike kidogo na meza, mpaka alete karatasi ya daktari inayosema ugonjwa wake si wa kinywaji. Ni utaratibu tu. Ingekuwa mtu mwingine, yeye Otiende mwenyewe angesema hivyo hivyo. Alikubali, maana ilikuwa kweli. Angesema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Lorraine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akisikiliza, mkono mmoja umeshika ubavu wa kulia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu na mwembamba, mtoto wa baba yake kuanzia shingo hadi vidole. Wazee walipotoka alikusanya vikombe.

"Una nini hapo?" Otiende alimwuliza.

"Kichomi tu, Baba. Kinakujanga kikienda."

"Tangu lini?"

"Ah, kitambo. Si wewe ndio wa kuangaliwa saa hii?"

*

Daktari Kyule wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusema jambo zito. Aliivua mara tu Otiende alipoketi. Virusi vya homa ya ini havikuonekana kwenye damu. Dawa za kienyeji alisema hatumii. Picha ilionyesha ini lililojaa mafuta kwa muda mrefu mpaka likaanza kugeuka kovu.

"Mafuta," Otiende alisema. Aliangalia mikono yake iliyokonda. "Daktari, mimi?"

"Wewe. Wembamba wa nje haumzuii mtu kunenepa ini. Wengi wanaougua hivi ni wanene, lakini kuna wembamba, na kwa hao mara nyingi tunaanza kuuliza habari za ukoo." Alichukua kalamu, akachora miduara miwili. "Kila mtu amerithi maagizo, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Kuna agizo moja linaloliambia ini namna ya kuyashughulikia mafuta yake. Kwa watu wengine agizo hilo lina kasoro. Ukirithi kasoro upande mmoja, hatari inapanda. Ukiirithi pande zote mbili, inapanda zaidi. Si lazima uugue. Lakini ukiongeza sukari nyingi juu yake, inageuka mafuta, na ini halina pa kuyaweka. Unakunywa soda?"

 Otiende alifikiria zile chupa mbili za kila mchana, miaka ishirini na sita, alizokunywa mbele ya watu ili waone kwamba mkononi mwake hamna bia.

"Nakunywa," alisema.

"Kuna mtu kwenu alikufa kwa ini?"

"Ndugu yangu. Lakini yeye ilikuwa pombe."

"Alikuwa akinywa kiasi gani?"

"Sijui," Otiende alisema, na neno lenyewe likamshangaza. Hakuwahi kumwona Willis amelewa. Alimwona na chupa moja, mara mbili au tatu, siku za Jumamosi, mpira ukiwa kwenye televisheni. Yaliyobaki aliyajua kwa kuyasema.

"Nani anayejua?" Kyule aliuliza. "Nahitaji kujua ndugu yako aliugua nini hasa. Nikipata faili lake nitaweza kukuandikia hiyo karatasi ya kanisa lako bila kubahatisha. Na kuna jambo kubwa kuliko karatasi. Una watoto?"

"Mmoja."

"Mnene au mwembamba?"

"Amenifuata mimi."

Kyule alivaa miwani yake. "Mlete," alisema.

*

Faili lilikuwa kwa Teresiah. Teresiah alikuwa mjane wa Willis, na Otiende hakuwa amekanyaga kwake Buruburu tangu mazishi, miaka minne sasa. Alisimama nje ya geti akiwa ameshika kofia, akatamani pawe na mtu mwingine yeyote wa kumwuliza. Hakukuwa na mtu.

Alimfungulia mwenyewe. Alikuwa ameongezeka mvi, na alimtazama jicho kwanza, hata kabla ya salamu.

"Karibu, shemeji," alisema. "Ingia. Hata wewe, kumbe."

Nyumba ilikuwa ile ile, na picha ya Willis pale pale juu ya televisheni. Eve, binti yao wa miaka kumi na saba, alipita na sare ya mpira wa kikapu, akamwamkia baba mkubwa wake kwa heshima isiyo na joto, akatoka. Teresiah alileta maji ya moto yenye ndimu. Hakukuwa na sukari mezani.

"Nimekuja kwa ajili ya faili la Willis," alisema Otiende. Alikuwa amepanga maneno mengine ya kutangulia, ya kuuliza watoto na shule na kazi, lakini yalimkauka. "Daktari analitaka. Wanasema mimi nakunywa."

"Wanasema."

"Ndiyo."

"Na unakunywa?"

"Teresiah, wewe unajua sinywi."

"Mimi najua," alisema. "Willis pia nilijua."

 Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye ukuta, na kila ulipogonga Otiende alishtuka kidogo. Alijua linalokuja. Alikuwa amelibeba miaka minne kwa jina lingine, akiliita ukweli uliosemwa hadharani.

"Siku ile ya mazishi kule Ugenya," Teresiah alisema, "nilikuwa nimekaa kando ya jeneza. Programu ya wasemaji ulishika wewe. Walisema mashemeji, wakasema wenzake wa kazini kule reli, akasema mpaka mwenye hema. Nikainua mkono. Nakumbuka ulivyoshika ile maiki. Ulisema, pombe imemuua ndugu yangu, na aliyekuwa akiiuza mnamjua, leo huyo hana la kutuambia. Kwa sababu nilikuwa na duka la vinywaji. Duka ambalo Willis alikuwa akipitia kunichukua jioni, akinywa maji."

"Nilikuwa na uchungu."

"Ulikuwa na maiki."

Otiende aliinamisha kichwa. 

"Ulitaka kusema nini?" aliuliza hatimaye.

Teresiah aliinuka, akaenda chumbani. Alirudi na faili la kahawia lililofungwa kwa mpira, na juu yake bahasha ndogo. Alivitua mezani, akaweka kiganja juu ya bahasha.

"Daktari wake alituita wiki mbili kabla hajafa. Akasema huu si ugonjwa wa chupa, uko kwenye damu ya nyumba yenu, ndugu zake na watoto wakapimwe wakiwa bado wazima. Mafuta yakikutwa mapema yanaondoka. Willis akaandika hii kwa mkono wake. Mimi nilitaka kuisoma pale mbele ya watu, basi. Nilikuwa na dakika mbili tu za kutumia."

"Ungenipigia simu."

"Namba yangu uliifungia. Nikangoja matanga yaishe, nikaja Burma mwenyewe. Unakumbuka nilipokuja Burma?"

Alikumbuka. Lorraine alikuwa amemaliza kidato cha nne, anamsaidia kwenye mizani. Teresiah alikuja na nguo nyeusi akasimama kwenye foleni kama mteja, mkono ndani ya mkoba. Yeye aliuona ule mkono, akafikiri anatoa karatasi ya karo. Aliona haya mbele ya wateja wake, na haya ikageuka ukali. Alisema, bila kumsalimu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Kinyanjui: mpimie huyu robo kilo ya maini, aende akawapikie watoto, asitusimamie hapa.

"Msichana wako ndiye aliyenipimia," alisema Teresiah. "Aliona aibu, maskini, akaniongezea kipande ulipogeuka. Ile nyama niliiacha kwenye benchi pale nje. Barua nikarudi nayo."

"Na watoto wako?"

"Niliwapima mwezi ule ule. Kijana hana kitu. Eve alikuwa ameanza. Tukaondoa soda, tukaondoa sukari, akaingizwa kwenye michezo, kila mwaka anapigwa picha. Saa hii ini lake liko safi." Aliondoa kiganja kwenye bahasha. "Chukua. Ni yako. Nimechoka kuitunza."

Otiende aliifungua akiwa hapo hapo. Mwandiko wa Willis ulikuwa umelegea, lakini ulisomeka.

*Otiende ndugu yangu. Huu ugonjwa ni wetu sote. Nenda upimwe, na Lorraine umpeleke. Usiangalie wembamba. Mama Eve atakueleza vizuri, msikilize.*

Chini yake palikuwa na tarehe. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo. Alitaka kuomba msamaha na hakujua anaomba wa nini kwanza, kwa hiyo alisema asante.

"Lorraine umeshampeleka?" Teresiah alimwuliza akiwa mlangoni.

"Bado."

Uso wa Teresiah ulibadilika. Chuki haikuwepo usoni, na ingekuwepo, Otiende angeivumilia kwa urahisi zaidi.

*

Kyule alisoma kurasa za majibu, akaandika karatasi ya kanisa siku hiyo hiyo, akabaki na faili alisome vizuri. Jumapili Kiarie aliisoma karatasi ile mbele ya waumini, neno kwa neno, kwamba ugonjwa wa ndugu yetu ni wa kurithi na hauna uhusiano wowote na kinywaji. Watu walipiga makofi. Aloo alilia, akamshika mumewe mkono hadharani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi. Kinyanjui, ambaye hata si wa kanisa hilo, alituma ujumbe wa pole.

Kiarie akampa maiki. "Sema neno, ndugu yetu. Shetani ameaibika."

Otiende aliishika. Barua ilikuwa kifuani, chini ya koti, na alihisi kona ya bahasha kila alipovuta pumzi. Hapa ndipo pangekuwa mahali pake. Angesema Willis hakuwa mlevi. Angesema kuna mwanamke Buruburu alinyimwa maiki kama hii, na aliyemnyima ni mimi. Alimwona Lorraine kwenye safu ya tatu akitabasamu, mkono ubavuni.

"Nawashukuru," alisema, akairudisha.

Alijiambia atasema nyumbani. Nyumbani alijiambia atasema baada ya kipimo, kwa nini amtie mtoto hofu bure, huenda hana kitu. Ni mwembamba, ni kijana, anatembea kutoka Ziwani hadi mjini kwa miguu. Aliyasema hayo moyoni huku akijua ni maneno ya marehemu baba yake. Alikuwa mwoga, na alijijua.

Jumatano alimpeleka. Aloo alibaki kwenye benchi la nje, Otiende akaruhusiwa kuingia kwa sababu Lorraine aliomba. Maingi, mpiga picha wa hospitali, alikuwa kijana wa maneno mengi. Alimpaka Lorraine ule ute baridi, akamtania kwamba hapa hamna kitu cha kupima, mashine yenyewe itauliza mgonjwa yuko wapi. Lorraine alicheka. Kifaa kikateleza chini ya mbavu, na Maingi akaendelea kusema habari za timu yake iliyofungwa.

Kisha akaacha kusema.

Alirudisha kifaa pale pale. Akakisukuma kidogo, akakirudisha tena. Otiende alikuwa amesimama nyuma yake, macho kwenye kioo. Hakujua kusoma mashine. Lakini wiki tatu kabla alikuwa ameonyeshwa picha yake mwenyewe, na maini alikuwa ameyatazama miaka ishirini na sita. Lile lililokuwa kwenye kioo lilikuwa na weupe ambao hakuhitaji mtu wa kumwelezea. Angelikuta mezani kwake asingelipima.

"Iko aje?" Lorraine aliuliza.

"Daktari atakuambia," alisema Maingi, akampa karatasi ya kujifuta.

Wakampima na kwa mashine nyingine, ile ya kupima ugumu wa ini, inayogonga ubavu kama kidole kinachobisha mlango. Kisha wao watatu, Aloo akiwemo, wakaketi mbele ya Kyule. Faili la Willis lilikuwa limefunguliwa mezani karibu na karatasi mpya za Lorraine. Kyule alivua miwani.

"Lorraine, ini lako lina mafuta mengi. Na limeanza kukakamaa. Halijafika lilipofika la baba yako, kwa hiyo tuna kazi ya kufanya na tutaifanya. Lakini sitakudanganya. Mafuta peke yake huondoka. Ugumu ukishaanza, hatuna hakika utarudi nyuma wote."

"Umeanza lini?" Lorraine aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningekuja mapema kidogo, hivi, ungezuilika?"

"Siwezi kutaja mwezi. Miaka mitatu au minne nyuma, nadhani tungekuta mafuta tu."

Aloo alishika kichwa. "Daktari, nani angejua? Mtoto mwembamba hivi. Nani angetuambia?"

 Kyule alikuwa ameshuka kwa kidole kwenye ukurasa wa mwisho wa faili la Willis, akasimama kwenye mstari ulioandikwa kwa kalamu nyekundu. Aligeuza uso kwa Otiende. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa daktari anayejaza nafasi iliyobaki wazi kwenye kumbukumbu zake.

"Mzee, hapa daktari wa marehemu ameandika kwamba familia ijulishwe mapema, ndugu na watoto wote wapimwe. Walijulishwa?"

Aloo alimtazama mumewe, akingoja aseme hapana. Ilikuwa rahisi kusema hapana. Teresiah hakuwepo chumbani, na marehemu hasemi. Otiende alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa bahasha, akaiweka mezani, na bahasha ilikuwa imelowa jasho lake.

"Walijulishwa," alisema.

"Lini?"

"Ina tarehe. Ni miaka minne."

"Nani alipewa taarifa?"

Lorraine alikuwa ameshavuta bahasha. Alitazama mwandiko wa baba yake mdogo, akasoma polepole, midomo ikitembea, mpaka mahali palipoandikwa jina lake. Otiende alimwona akikumbuka. Aliona ile foleni ikirudi usoni mwake, na mwanamke wa nguo nyeusi mwenye mkono ndani ya mkoba, na mizani.

"Baba," alisema Lorraine. "Ile siku nilimpimia."

Kyule alikuwa bado ameshika kalamu.

"Nani alipewa taarifa, mzee?"

"Andika mimi," alisema Otiende.